Maji Yanayofika Baharini Hayajapotea
Somo kuhusu kupwa na kujaa kwa bahari katika mlango wa Mto Pangani



Katika kikao kimoja cha kamati ya maendeleo ya usharika hapa Gonja, tulikuwa tukijadili ombi la kufungua banio jipya la mfereji. Mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo wengi wetu tumewahi kuliuliza: "Kwa nini tuache maji yaende kupotea baharini wakati mahindi yetu yananyauka?" Wajumbe walitikisa vichwa kukubali. Mimi, kama mratibu wa miradi, sikuwa na jibu. Niliandika hoja yake kwenye muhtasari, tukaendelea na ajenda iliyofuata.

Miezi michache baadaye nilikwenda Pangani kwa shughuli za kikazi. Katika kijiji kimoja kilicho kando ya mto, juu kidogo ya mji, nilimkuta mama akiwa ameketi ukingoni na ndoo mbili tupu. Mto ulikuwa umejaa mbele yake, lakini hakuwa anachota. Nilipomuuliza anasubiri nini, alisema anasubiri maji yapwe mpaka mwisho. Yalipopwa aliingia taratibu, akalaza ndoo na kukusanya maji ya juujuu tu, bila kuizamisha. "Ya chini ni ya bahari," akaniambia.

Somo la toleo hili ni jibu ambalo ningepaswa kulitoa katika kikao kile. Ili tuelewe kwa nini mama yule huchota maji kwa kufuata saa za bahari, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi tunaoishi milimani, tunahitaji kujua namna bahari inavyokoroga maji yaliyojipanga kwa matabaka.

MTO WETU UNAISHIA WAPI?

Mvua inayonyesha kwenye msitu wa Shengena na kwenye miteremko ya Upare Kusini haikai milimani. Sehemu yake huingia ardhini na kutoka tena kama chemchemi. Hingilili, Yongoma na vijito vingine vidogo hushusha maji hayo kwenye tambarare ya Maore, Kalimawe, Ndungu na Kihurio. Maji yanayobaki baada ya kupita mashambani, kwenye bwawa na kwenye majaruba ya mpunga huingia katika Mto Mkomazi. Mkomazi hupita kati ya milima ya Upare na Usambara, ukafuata chini ya Usambara, na kuungana na Mto Pangani upande wa Korogwe.

Pangani wenyewe umebeba maji ya Kilimanjaro na Meru. Mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, na kutoka hapo mto unakwenda kusini-mashariki. Ukiwa njiani unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, kisha unaingia Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani. Kwa hiyo mama yule mwenye ndoo na mkulima wa Gonja mwenye jembe wako kwenye bonde moja. Tofauti ni kwamba yeye yuko mwisho wa foleni.

MAJI MEPESI JUU, MAJI MAZITO CHINI

Lita moja ya maji ya bahari ina kadiri ya gramu 35 za chumvi, yaani kama vijiko viwili vya mezani. Chumvi hiyo inayaongezea maji uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ya mto ina uzito wa karibu kilo 1,000, na ya maji ya bahari karibu kilo 1,025. Ukijaza ndoo mbili za lita 20, moja maji ya mto na nyingine maji ya bahari, ile ya bahari itakuwa nzito kwa kama nusu kilo. Begani tofauti hiyo ni ndogo, lakini ndani ya maji ni kubwa.

Maji matamu yanapokutana na maji ya chumvi mahali palipotulia, hayachanganyiki mara moja. Maji matamu hupanda na kuelea. Maji ya chumvi huteremka na kuteleza chini yake kuelekea juu ya mto. Yanakuwa na umbo la kabari: nene upande wa bahari na nyembamba upande wa bara. Mtu aliyesimama ukingoni anaona mto mmoja unaoteremka kwenda baharini. Hajui kwamba miguuni pake bahari inapanda.

Matabaka haya hayavunjiki kirahisi, kwa sababu kuyachanganya ni sawa na kuinua mzigo. Tuchukue mfano wa mahali penye kina cha mita 4, ambapo mita 2 za juu ni maji ya mto na mita 2 za chini ni maji ya bahari. Chini ya kila mita moja ya mraba, tabaka la chini limezidi lile la juu kwa kilo 50. Ili maji yote yawe ya namna moja kutoka juu hadi chini, uzito huo uliozidi lazima uinuliwe kwa wastani wa mita moja. Ni kama kuinua mfuko mmoja wa saruji kwa urefu wa mita moja, katika kila mita ya mraba ya mto, kilomita baada ya kilomita. Nani anafanya kazi hiyo? Upepo hufanya sehemu ndogo, na mto wenyewe sehemu nyingine. Katika mlango wa mto kama Pangani, mfanyakazi mkubwa ni kupwa na kujaa kwa bahari.

JARIBIO LA KUFANYA NA KAMATI YAKO

Kabla ya kuendelea, tunashauri kila kamati ifanye jaribio hili. Linahitaji gilasi ya kioo, chumvi, kijiko na chai ya rangi iliyopoa isiyo na sukari. Sukari nayo inaongeza uzito, hivyo itaharibu jaribio.

Kwanza, jaza maji hadi nusu ya gilasi, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi na ukoroge mpaka iyeyuke yote. Acha maji yatulie.

Pili, shika kijiko juu kidogo ya maji, kikiwa kimegeuzwa mgongo juu. Mimina chai polepole sana juu ya kijiko hicho. Chai ikae juu, maji ya chumvi yabaki chini. Mstari wa kuyatenganisha utaonekana wazi. Ukiiacha gilasi kwa saa nzima bila kuigusa, matabaka yatakuwa bado yapo.

Tatu, inua gilasi na uiyumbishe taratibu kulia na kushoto. Mstari utainama na kurudi, lakini hautavunjika. Hili ni jambo la kushangaza kidogo: mwendo peke yake hauchanganyi.

Nne, ingiza kijiti mpaka chini na ukoroge, kwanza polepole kisha kwa nguvu. Kwenye mstari vitatokea vizingo vidogo vinavyonyonya chai chini na kupandisha maji ya chumvi juu. Baada ya muda mfupi gilasi nzima itakuwa na rangi moja. Subiri siku nzima ukipenda. Chai haitapanda tena juu yenyewe. Kilichokwisha kuchanganyika hakijitengi.

Gilasi ile ndiyo mlango wa mto. Kilichobaki ni kujua kijiti cha bahari kiko wapi.

BAHARI INAVYOKOROGA

Mvutano wa mwezi, ukisaidiwa na ule wa jua, huifanya bahari ipande na kushuka. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi siku moja kidogo. Kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kwingine ni kama saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana wavuvi huona saa za maji zikisogea kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia huwa karibu katika mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia kadiri ya mita 3 hadi 4. Mwezi unapokuwa nusu, mivutano hiyo miwili haisaidiani, na tunapata maji mafu, ambapo tofauti ni kadiri ya mita moja tu.

Maji yanayopanda na kushuka lazima yaingie na kutoka, kwa hiyo katika mlango wa mto pana mkondo unaokwenda bara kwa saa kama sita na kurudi baharini kwa saa kama sita. Mkondo huo unakwaruzana na sakafu ya mto. Maji ya chini kabisa huzuiwa na mchanga, tope na mizizi ya mikoko, huku ya juu yakiendelea kukimbia. Tofauti hiyo ya kasi huzaa vizingo, kama vile tulivyoviona kwenye gilasi. Sakafu ya mto ndiyo kijiti, na vizingo huanzia chini na kupanda juu.

Mambo mawili huamua kama vizingo vitafika juu.

La kwanza ni kasi. Nguvu ya kukoroga haiongezeki sawasawa na kasi. Mkondo ukiwa na kasi mara mbili, nguvu inayopatikana ya kukoroga ni mara nane. Ukiwa na kasi mara tatu, ni mara ishirini na saba. Ndiyo sababu siku za bamvua na siku za maji mafu ni kama mito miwili tofauti.

La pili ni kina. Nguvu ileile ikigawanywa katika maji ya kina kirefu inakuwa dhaifu, na katika maji ya kina kifupi inatosha kugeuza maji yote. Mwaka 1974 wanasayansi John Simpson na John Hunter, wakichunguza Bahari ya Ireland, walionyesha kwamba mpaka kati ya maji yenye matabaka na maji yaliyochanganyika unaweza kukadiriwa kwa kutumia mambo haya mawili tu, kina cha maji na kasi ya mkondo. Kule kinachojenga matabaka ni joto la jua la kiangazi. Kwetu Pangani ni maji ya mto. Lakini kazi ya kuinua mzigo ni ileile.

Tusisahau kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya mkondo huishia kuwa joto dogo lisiloonekana. Ni sehemu ndogo tu inayoinua maji mazito. Kwa hiyo hata bahari yenye nguvu inaweza kushindwa kuvunja matabaka pale ambapo mto unaleta maji matamu kwa wingi.

KWA NINI MAMA ALISUBIRI MAJI YAPWE

Sasa tunaweza kurudi kwa yule mama na ndoo zake.

Wakati wa kupwa, mto na bahari vinakwenda upande mmoja, kuelekea baharini. Maji ya juu yanakimbia zaidi kuliko ya chini, hivyo yanayatandaza maji matamu juu ya maji ya chumvi. Matabaka yanajengeka. Kadiri kupwa kunavyoendelea, ndivyo maji matamu yanavyozidi kufika karibu na mji. Anayechota mwisho wa kupwa, tena juujuu, anachota maji ya Kilimanjaro, ya Meru, na pengine kidogo ya Upare.

Wakati wa kujaa mambo hugeuka. Maji ya juu yanakimbia zaidi kuelekea bara, na sasa yanaleta maji ya chumvi juu ya maji yenye chumvi kidogo. Maji mazito yakikaa juu ya mepesi hayakai sana. Yanaporomoka na kuchanganyika. Matabaka huvunjika, na chumvi hufika hadi juu.

Umbali ambao maji husafiri kwa kujaa kumoja nao si mdogo. Mkondo ambao kasi yake ya juu kabisa ni nusu mita kwa sekunde husukuma maji karibu kilomita 7 kabla ya kugeuka. Mkondo wenye kasi ya juu ya mita moja kwa sekunde huyasukuma karibu kilomita 14. Hizi ni hesabu za mfano, lakini zinaonyesha kwamba bahari inaweza kumtembelea mtu anayeishi mbali na ufuo.

Jambo muhimu kuliko yote ni hili: maji yaliyoingia hurudi, lakini chumvi yote hairudi. Yanapokuwa ndani yanachanganyika na maji ya mto, na sehemu ya chumvi hubaki nyuma kwenye vikwamo, mikoko na maji ya pembeni. Kujaa kunakofuata huisogeza tena mbele kidogo. Kama kazi hii ingeachwa ifanyike peke yake, chumvi ingepanda mtoni siku hadi siku bila kusimama. Kinachoizuia ni kitu kimoja: maji ya mto yanayoteremka na kuirudisha baharini, usiku na mchana. Mahali chumvi inapoishia ni mahali ambapo bahari na mto wamelingana nguvu.

MIFANO YA MBALI

Ili tuone vizuri kazi ya bahari, tuangalie mahali ambapo kazi hiyo haipo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na halina kupwa na kujaa kwa maana tunayoizungumzia hapa. Matabaka yake hujengwa na joto: maji ya juu ni ya moto kidogo na mepesi, ya chini ni ya baridi na mazito. Upepo hukoroga sehemu ya juu tu. Chini yake hakuna hewa ya oksijeni, na samaki kama dagaa na migebuka hawawezi kuishi huko. Rutuba nyingi imelala chini bila kutumika. Kukoroga basi si jambo baya. Katika mlango wa mto, vizingo hupeleka hewa chini na kupandisha rutuba juu, na mikoko, kamba na samaki wachanga hutegemea maji hayo ya mchanganyiko.

Mfano wa pili unatoka mbali zaidi, katika bahari ya ncha ya kaskazini ya dunia, Bahari ya Aktiki. Bahari hiyo ina kama asilimia 1 tu ya maji ya bahari zote duniani, lakini hupokea karibu asilimia 10 ya maji ya mito yote. Mito mikubwa ya Siberia kama Lena, Ob na Yenisei humwaga maji matamu kwenye mwambao mpana wenye kina kifupi. Sehemu kubwa ya mwambao wa Bahari ya Laptev, anakoingia Lena, haifikii mita 50. Kwa hiyo kuna tabaka la maji yasiyo na chumvi nyingi juu, na maji ya chumvi chini. Kwa miezi mingi ya mwaka barafu hufunika bahari, na upepo hauwezi kuyagusa maji moja kwa moja. Hapo kupwa na kujaa, hata kukiwa kudogo, kunakuwa mkorogaji muhimu. Tena maji yanayokimbia chini ya barafu iliyoshikamana na pwani hukwaruzana na sakafu chini na barafu juu, hivyo vizingo huanzia pande zote mbili.

Kule nako kuna jambo zito la kupoteza. Katika sehemu nyingi za bahari ile, maji ya chumvi yaliyo chini zaidi yana joto kidogo kuliko yale ya juu. Tabaka jepesi la juu ni kama blanketi linalozuia joto hilo lisifikie barafu. Likikorogwa sana, joto hupanda na barafu huyeyuka kutoka chini. Kwa hiyo wanasayansi wa Aktiki wanauliza swali lilelile analojiuliza mama wa Pangani: leo matabaka yatashika au yatavunjika?

MTO UKIPUNGUA

Tumeona kwamba pana mizani. Upande mmoja ni bahari inayosukuma na kukoroga, upande mwingine ni mto unaorudisha chumvi na kujenga tabaka la juu. Upande wa bahari hatuwezi kuupunguza. Mwezi hauombi kibali. Zaidi ya hayo, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa kama sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na unaendelea kupanda. Upande ulio mikononi mwa binadamu ni ule wa mto.

Maji ya mto yakipungua, mambo mawili hutokea pamoja. Kwanza, mahali pa kulingana nguvu husogea juu, na chumvi huingia vijiji ambavyo haikuwa ikivifikia. Pili, tabaka la maji matamu linakuwa jembamba, na nguvu ileile ya bahari ambayo zamani ilishindwa kulivunja sasa inatosha. Mto unachanganyika kutoka juu hadi chini. Hapo hata ujuzi wa kusubiri maji yapwe na kulaza ndoo haumsaidii mtu, kwa sababu hakuna tena ya juu wala ya chini.

Na haihitaji chumvi nyingi kuleta madhara. Kikombe kimoja cha maji ya bahari, yaani robo lita, kikimwagwa katika ndoo ya lita 20 ya maji matamu, kinatosha kuyafanya maji hayo yaanze kuonja chumvi. Sehemu moja ya maji ya bahari kwa sehemu tisa za maji ya mto hutoa gramu 3.5 za chumvi kwa lita, kiasi ambacho kwa mpunga ni hatari. Wakazi wa kando ya Pangani ya chini wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu chumvi kupanda mtoni na kuathiri mashamba yao na maji ya kunywa.

Hatusemi kwamba mfereji mmoja wa Gonja ndio uliopeleka chumvi Pangani. Bonde hili lina mashamba makubwa ya miwa, mabwawa ya umeme, miji inayokua na mifereji isiyohesabika kutoka Meru hadi Usambara. Lakini kila mmoja wa watumiaji hawa akisema chake ni kidogo, hakuna atakayekuwa na kosa na mto utakauka.

HAYA YANA MAANA GANI KWA MIRADI YETU?

Hapa napenda kusema wazi jambo ambalo katika taarifa zetu kwa wafadhili huwa halionekani. Katika mradi mmoja niliousimamia huko nyuma, tulisakafia mfereji wa udongo ili maji yasipotee njiani. Kazi ilifanyika vizuri, kwa msaragambo na kwa fedha za marafiki wetu. Maji yaliongezeka mashambani, nami niliandika kwa furaha kwamba "maji yameokolewa". Msimu uliofuata wanachama waliongeza mashamba mpaka maji yote yaliyookolewa yakaisha. Mto chini ya banio ulibaki vilevile, na siku za kiangazi ulikauka kama zamani. Tulihesabu ekari zilizoongezeka. Hatukuhesabu kilichobaki mtoni, kwa sababu hakuna safu ya kukiandika kwenye fomu yetu. Kosa hilo lilikuwa langu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa kamati zetu.

Kwanza, tupime. Mfereji unaobeba lita 50 kwa sekunde usiku na mchana huchukua lita 4,320,000 kwa siku. Kamati isiyojua mfereji wake unabeba kiasi gani haiwezi kujua inachukua nini wala inaacha nini.

Pili, tufufue ndiva. Wazee wetu walijua kuhifadhi maji ya usiku na kumwagilia asubuhi, badala ya kuyaacha yamwagike shambani watu wamelala. Ndiva iliyotunzwa huwezesha banio kuchukua kidogo na shamba lipate cha kutosha.

Tatu, kila mradi wa kuokoa maji uwe na makubaliano ya maandishi kabla ya saruji kununuliwa: kiasi gani cha maji yaliyookolewa kitakwenda shambani, na kiasi gani kitabaki mtoni. Tukikosa makubaliano hayo, tunachofanya ni kuongeza mashamba tu.

Nne, tufuate sheria. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka mahitaji ya binadamu mbele, kisha mazingira, ndipo matumizi mengine. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na jumuiya za watumia maji ndizo mahali pa kusuluhisha migogoro kabla haijafika kwenye mapanga.

Kwa wafadhili na marafiki wetu tuna ombi moja. Mnapotuuliza ekari ngapi zimemwagiliwa, tuulizeni pia mto una maji kiasi gani chini ya banio mwezi wa Februari na mwezi wa Septemba. Swali hilo litatusaidia kuliko mnavyodhani.

Na kwa mzee wangu wa kamati, kama anasoma ukurasa huu, jibu langu ni hili. Maji yanayofika baharini yanafanya kazi mpaka hatua ya mwisho. Yanazuia chumvi isipande, na yanatandaza tabaka la juu ambalo mtu anaweza kulichota kwa kulaza ndoo. Mahindi yetu yanahitaji maji, na haki hiyo hatuikani. Tunachoomba ni kwamba kikao kinapogawa zamu za maji, ihesabiwe na zamu ya yule aliye mwisho wa mto, ijapokuwa hana mjumbe katika kamati yetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Baada ya kufanya jaribio la gilasi, elezeni kwa maneno yenu: kwa nini kuyumbisha hakuvunji matabaka, na kukoroga kunayavunja?

2. Mama wa Pangani huchota maji mwisho wa kupwa. Ni siku zipi za mwezi mtakazomshauri awe mwangalifu zaidi, na kwa nini?

3. Je, mfereji wa mtaa wenu unabeba lita ngapi kwa sekunde? Kama hamjui, nani atapima, na lini?

4. Kama mradi wenu utaokoa maji, ni sehemu gani mko tayari kuiacha mtoni? Andikeni jibu lenu katika muhtasari wa kikao.